Waselti mbele ya Roma: Je, ni utengano uliowaangusha?

Juu ya kilima cha Alise-Sainte-Reine, mashariki mwa Ufaransa, imesimama sanamu kubwa ya Vercingetorix, kiongozi wa Wagallia, iliyowekwa mwaka 1865 kwa amri ya Napoleon III. Maandishi yaliyo chini yake yanadai kwamba Gallia, nchi ambayo sehemu yake kubwa ni Ufaransa ya leo, ikiwa kitu kimoja ingeweza kuikabili dunia nzima. London nako, kando ya Mto Thames, kuna sanamu ya Boudica akiwa juu ya gari la vita linalovutwa na farasi wawili. Hiyo ilisimamishwa mwaka 1902. Sanamu hizi, na baadaye vitabu vya katuni na filamu, zimewapa watu wengi simulizi moja: kulikuwa na taifa la Waselti lililopenda uhuru, likavamiwa na Roma, likapigana kishujaa, likaanguka kwa sababu halikushikamana.

Simulizi hiyo ina chembe ya ukweli, lakini inaacha swali kubwa bila jibu. Gallia ilikuwa na watu wengi, mashamba mazuri, miji yenye ngome na fedha yake ya sarafu. Julius Caesar aliitia mkononi kwa miaka minane tu, kuanzia 58 hadi 50 KK. Wasilure, kabila la milimani kusini mwa Wales lisilo na mji wa kutajika, waliisumbua Roma kwa zaidi ya miaka 25. Na watu wa kaskazini ya mbali ya Britania hawakutawaliwa kwa kudumu hata siku moja. Kama umoja ndio uliokuwa siri ya kusimama imara, mbona waliokaribia zaidi kuungana ndio walioanguka haraka?

Waselti walikuwa akina nani

Kwanza tuondoe dhana ya taifa moja. Caesar mwenyewe anaigawa Gallia katika mafungu matatu, Wabelgi, Waakwitani na wale waliojiita Waselti, na anasema walitofautiana kwa lugha, desturi na sheria. Watu wa Britania hawakuitwa Waselti na mwandishi yeyote wa zamani zile. Kuwaweka wote katika ukoo mmoja ni kazi ya wataalamu wa lugha, hasa baada ya Edward Lhuyd kuchapisha utafiti wake mwaka 1707 akionyesha undugu wa lugha za Wales, Ireland, Brittany na nyinginezo.

Undugu huo wa lugha ulienea mbali. Wagalatia ambao Mtume Paulo aliwaandikia waraka walikaa katika nchi iliyopewa jina na Waselti waliovuka kuingia Asia Ndogo katika karne ya 3 KK. Huko Hispania, Waseltiberia wa Numantia walipigana na Roma hadi njaa ya mzingiro ilipowamaliza mwaka 133 KK. Lakini Mgalatia na mtu wa Numantia hawakuwa na mfalme mmoja, baraza moja wala adui mmoja. Kila mmoja alikutana na Roma kwa wakati wake na kwa sababu zake.

Roma nayo ilikuwa na kumbukumbu chungu. Mnamo mwaka 390 KK kundi la Wagallia liliuteka mji wenyewe wa Roma, na hofu ya siku ile haikufutika. Kwa karne kadhaa, jemadari yeyote aliyetaka fedha na jeshi la kwenda kaskazini hakuhitaji maelezo marefu mbele ya Seneti.

Mashahidi ni wa upande mmoja

Karibu yote tunayoyajua kuhusu vita hivi yameandikwa na washindi. Caesar aliandika juu ya vita vyake mwenyewe, akiwa mwanasiasa mwenye maadui nyumbani. Tacitus aliandika juu ya Britania akiwa mkwe wa Agricola, gavana aliyeiongoza vita ya kaskazini. Waselti walijua kuandika, lakini wanazuoni wao wa dini, wadruidi, hawakuyaweka mafundisho yao katika maandishi.

Mfano wa Wanervii unaonyesha jinsi ushahidi huu unavyopaswa kushikwa kwa uangalifu. Wasomaji wa Kiswahili wanaweza kuwa wamekutana na kabila hili bila kulitilia maanani: katika tamthilia ya Shakespeare, ile ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri mwaka 1963, Antony anawaonyesha Warumi joho la marehemu Caesar na kuwakumbusha kwamba alilivaa mara ya kwanza jioni ya siku alipowashinda Wanervii. Vita hiyo ilipiganwa mwaka 57 KK. Caesar anadai kwamba wazee wa baraza lao walibaki 3 kati ya 600, na wapiganaji wasiozidi 500 kati ya 60,000. Kabila limekwisha, mtu angedhani. Miaka mitatu baadaye Wanervii haohao wanaizingira kambi ya Warumi, na mwaka 52 KK, katika kitabu hichohicho, wanapangiwa kutoa askari 5,000. Kwa hiyo tunaposoma hesabu zake za waliokufa, tuzisome kama hesabu za mtu anayetafuta sifa, bila kusahau kwamba mauaji yenyewe yalikuwa ya kweli na ya kutisha.

Hoja ya kwanza: walikosa umoja

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu; hakuna mzungumzaji wa Kiswahili asiyeijua methali hiyo, na ndiyo maana hoja hii inatuingia kirahisi. Ina ushahidi wa kutosha. Mwaka 58 KK Caesar aliingia Gallia kwa kisingizio cha kuwalinda Waedui, marafiki wa Roma, dhidi ya Wahelveti waliokuwa wakihama na dhidi ya Ariovistus, mfalme wa Kijerumani ambaye Wasekwani, mahasimu wa Waedui, walikuwa wamemwalika wao wenyewe. Waremi walijiunga na Roma mwaka 57 KK na hawakuiacha hata wakati karibu Gallia nzima ilipoasi. Kila kabila lilipigwa huku jirani akitazama.

Hata hivyo hoja hii ina nyufa mbili. Ya kwanza ni asili yake. Yale maandishi ya sanamu ya Alise-Sainte-Reine yametoholewa kutoka hotuba ambayo Caesar amemwekea Vercingetorix kinywani. Tacitus naye anasema kwamba hakuna kilichoisaidia Roma Britania kama makabila kushindwa kushauriana pamoja. Haya ni maelezo ya Warumi kuhusu ushindi wao, na yanambebesha aliyeshindwa lawama yote. Anayeyarudia leo anapaswa kujua anamrudia nani.

Ufa wa pili ni mkubwa zaidi: umoja ulijaribiwa, na matokeo yake tunayajua. Mwaka 52 KK Vercingetorix wa Waarverni alifukuzwa kwanza na wakubwa wa mji wake mwenyewe, Gergovia, akiwemo baba yake mdogo Gobannitio. Akarudi na jeshi la watu wa mashambani, akatwaa uongozi, akakusanya makabila mengi kuliko mtu yeyote kabla yake. Alielewa vita. Aliamuru vijiji na maghala yachomwe ili Warumi wakose chakula, na siku moja tu miji zaidi ya 20 ya Wabituriga ikateketezwa na wenyewe. Lakini Wabituriga walipopiga magoti wakiomba Avaricum isalimike, kwa kuwa ulikuwa fahari ya Gallia, baraza likawahurumia. Caesar akauzingira mji ule, akauteka, na kwa maneno yake kati ya watu wapatao 40,000 waliokuwamo waliookoka hawakufika hata 800.

Baada ya msiba huo muungano haukuvunjika, ulikua. Warumi walishindwa Gergovia, wakapoteza karibu askari 700 na maakida 46. Waedui wenyewe, marafiki wa miaka mingi, wakageuka. Na Vercingetorix alipozingirwa Alesia, makabila zaidi ya 40 yalituma jeshi la kumwokoa. Huo ni umoja ambao mataifa mengi ya leo yangeutamani, na bado walishindwa.

Hoja ya pili: jeshi la Roma halikuwa na mfano

Fukuo za 1861 hadi 1865, na nyingine za miaka ya 1990, zilifunua mahandaki ya Alesia yalivyokuwa. Caesar alijenga mstari wa ndani wa kilomita zipatazo 15 kuwabana waliozingirwa, na mstari wa nje wa kilomita zipatazo 20 kujikinga na jeshi la waokoaji. Mistari hiyo iliimarishwa kwa mashimo yenye vijiti vilivyochongwa, vigingi vyenye ndoano za chuma na minara. Askari walewale walioshika upanga ndio walioshika sepetu.

Humo katikati lilitokea jambo ambalo sanamu haionyeshi. Chakula kilipoisha, walinzi wa Alesia waliwatoa nje ya lango Wamandubii, wenye mji wao wenyewe, pamoja na wake na watoto, ili wapunguze midomo ya kulisha. Wakaenda kwenye mahandaki ya Warumi wakilia na kuomba wachukuliwe hata kama watumwa. Caesar akakataa. Wakabaki baina ya majeshi mawili, na hawakuwa na pa kwenda.

Nguvu ya hoja ya pili iko hapa, kwenye chakula na uwezo wa kungoja. Vercingetorix alitaka kila mwanamume mwenye uwezo wa kubeba silaha aje. Baraza la Wagallia lilikataa, na sababu walizotoa zilikuwa za busara: umati mkubwa namna hiyo usingeweza kuongozwa wala kulishwa. Wakaamua kila kabila litoe idadi maalumu. Caesar anasema walifika askari 250,000 wa miguu, tarakimu ambayo wanahistoria wengi hawaikubali, lakini hata nusu yake au robo yake isingeweza kukaa mahali pamoja kwa wiki nyingi. Iliwabidi washambulie mara moja. Walipokwama, wakatawanyika. Upande wa pili, Caesar alipopoteza kohoti 15, yaani vikosi vya lejioni, kwa mtego wa Ambiorix wa Waeburoni mwaka 54 KK, alileta lejioni tatu mpya, yaani kohoti 30. Dola iliyopoteza kisha ikarudisha mara mbili haipigiki kwa ushindi mmoja wa kishujaa.

Lakini tusiisifu Roma kupita kiasi. Nafaka iliyolilisha jeshi lake ililimwa Gallia na kutolewa na marafiki wa Kigallia. Wapanda farasi waliomwokoa Caesar mwaka 52 KK walikuwa Wajerumani. Na zaidi ya miaka 130 baadaye, kwenye vita ya Mons Graupius kaskazini mwa Britania, mashambulizi yaliongozwa na kohoti za Wabatavi na Watungri kutoka bara huku lejioni zikiwa zimesimama nyuma zikitazama. Jeshi la Roma lilikuwa, kwa sehemu kubwa, jeshi la waliokwisha kushindwa. Kwa hiyo hoja ya pili inatusukuma kwenye swali jingine: kwa nini watu hao walikubali?

Hoja ya tatu: maslahi ya wakubwa

Watazame ndugu wawili wa Kiedui. Diviciacus, mdruidi, alisafiri hadi Roma yenyewe kuomba msaada dhidi ya maadui wa kabila lake, na alikuwa akifahamiana na Cicero. Mdogo wake, Dumnorix, alijitajirisha kwa kununua haki ya kukusanya ushuru wa Waedui kwa bei ya kutupa, maana yeye akishataja bei hakuna aliyethubutu kupanda juu yake. Alikuwa na wapanda farasi wake binafsi, na alioza ndugu zake wa kike katika makabila mengine ili ajipatie wakwe wenye nguvu. Caesar alipokuja, kaka alirudishiwa heshima na mdogo akaona njia yake ya ufalme imezibwa. Mwaka 54 KK Dumnorix alikataa kupelekwa Britania, akakimbia, akakamatwa na kuuawa huku akipaza sauti kwamba yeye ni mtu huru wa nchi huru.

Nani hapo ni mzalendo, nani kibaraka? Ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa wakicheza mchezo wa madaraka ndani ya kabila moja, na Roma ilikuwa karata mpya mezani. Wala nafasi hazikuwa za kudumu. Commius alifanywa mfalme wa Waatrebate na Caesar, kisha akawa miongoni mwa makamanda wa jeshi la kuikomboa Alesia.

Ukiacha watu na kutazama uchumi, picha inakuwa wazi zaidi. Makabila ya Gallia ya kati yalikuwa yamekusanya mali na madaraka katika miji yenye ngome kama Bibracte. Wakubwa wake walikunywa mvinyo wa Italia, na vipande vya mitungi yake vimefukuliwa kwa wingi sana. Watu wa aina hii walikuwa na cha kupoteza vita ikiendelea, na cha kupata amani ikipatikana. Zaidi ya hayo, kabila lenye mji, ghala na baraza lilikuwa na mahali pa kutekwa na mtu wa kusalimu amri kwa niaba ya wote. Ndivyo ilivyokuwa Britania ya kusini-mashariki pia: mwaka 43 BK majeshi ya Kaisari Claudius yalipoingia Camulodunum, mji mkuu wa Wakatuvelauni, wafalme kadhaa waliweka silaha chini bila kungoja zaidi. Wasilure hawakuwa na Camulodunum. Walikuwa na misitu, mabonde, na viongozi wengi wadogo ambao hakuna hata mmoja aliyeweza kuwauza wenzake wote.

Gharama ya urafiki

Udhaifu wa hoja ya tatu ni kwamba inaweza kumfanya msomaji aone kusalimu amri kuwa akili na kupinga kuwa ujinga. Tupime gharama za pande zote mbili. Waliopinga waliadhibiwa kikatili: mwaka 56 KK Caesar aliwaua wazee wa baraza la Waveneti na kuwauza waliobaki utumwani, na huko Uxellodunum mwaka 51 KK aliwakata mikono wote waliokuwa wameshika silaha. Cartimandua, malkia wa Wabrigante, huenda aliyafikiria mambo ya namna hii mwaka 51 BK alipomkabidhi Caratacus, mpiganaji aliyekimbilia kwake, mikononi mwa Warumi. Historia imemhukumu kama msaliti. Lakini nchi yake ilikaa nje ya utawala wa moja kwa moja wa Roma kwa karibu miaka 20 zaidi, na mimi siwezi kuliona hilo kuwa si kitu.

Kasoro ni kwamba urafiki huo ulitegemea hisani ya ofisa aliyekuwapo. Prasutagus wa Waiceni alifuata njia hiyohiyo, akaandika wosia unaomfanya Kaisari mrithi pamoja na binti zake wawili. Alipofariki, mnamo mwaka 60 BK, maofisa wa Roma waliichukua nchi kama nyara. Mjane wake, Boudica, alichapwa viboko; binti zake walibakwa; wakubwa wa Waiceni walinyang'anywa mashamba ya urithi. Wakati huohuo mikopo iliyokuwa imetolewa kwa wakubwa wa Britania ilidaiwa irudishwe kwa mkupuo, na mwanahistoria Dio anamtaja mwanafalsafa Seneca kuwa mmoja wa wakopeshaji. Waiceni wakaasi chini ya Boudica, na Camulodunum, Londinium na Verulamium ziliteketezwa. Tabaka la udongo mwekundu wa moto ule bado linaonekana wachimbaji wanaposhuka chini ya London (Londinium) na Colchester (Camulodunum). Tacitus anahesabu wafu 70,000 katika miji hiyo, na Waingereza wa kale 80,000 siku waliposhindwa. Tarakimu hizo nazo zipokelewe kwa tahadhari ileile.

Madeni yalikuwa yamewasha moto kabla ya hapo. Mwaka 21 BK Gallia ilitikiswa na uasi wa Florus wa Watreveri na Sacrovir wa Waedui. Wote wawili walikuwa raia wa Roma, wote wakubwa, wote wenye hasira juu ya kodi na riba. Aliyesaidia kumzima Florus alikuwa Mtreveri mwenzake, Julius Indus. Binti wa Indus, Julia Pacata, aliolewa na Classicianus, mtu wa asili ya Gallia, ambaye baada ya vita ya Boudica alipelekwa Britania kusimamia fedha za dola. Huyu ndiye aliyeandika Roma kwamba vita haitaisha mpaka gavana Suetonius Paulinus, aliyekuwa akiendelea kuchoma na kulipiza kisasi, aondolewe. Na kweli Paulinus akaondolewa. Mawe ya kaburi la Classicianus, yenye jina la mke wake, yaliokotwa vipande vipande London mwaka 1852 na 1935, na sasa yako Jumba la Makumbusho la Uingereza. Mkwe wa mtu aliyewakandamiza waasi wa Gallia aliokoa maisha ya waasi wa Britania, tena kwa kutumia cheo alichopewa na Roma. Anayetaka kuugawa ulimwengu ule baina ya mashujaa na wasaliti ajiulize Classicianus atamweka upande gani.

Ipi ina uzito zaidi

Kwa mizani yangu, hoja ya utengano ndiyo nyepesi kuliko zote, ingawa ndiyo inayorudiwa zaidi. Utengano ulichelewesha upinzani, lakini Alesia inaonyesha kwamba umoja peke yake haukutosha. Hoja ya jeshi ina uzito mkubwa inapohesabu chakula, sepetu na uwezo wa kurudisha waliokufa, na hupungua uzito inaposahau kwamba nusu ya nguvu hiyo iliazimwa kwa wenyeji. Hoja ya maslahi ndiyo inayoeleza mengi zaidi: kwa nini walioendelea zaidi waliangukia mkononi mapema, kwa nini Gallia ilitulia kiasi cha kupata viti katika Seneti chini ya Claudius mwaka 48 BK, na kwa nini uasi uliofuata ulizuka hasa pale ambapo Roma yenyewe ilivunja mapatano na wakubwa.

Kuna jambo moja ambalo hoja zote tatu hazilifikii, nalo ni hesabu za Roma. Mwanajiografia Strabo aliandika, kabla hata ya uvamizi wa Claudius, kwamba kuikalia Britania kungegharimu zaidi ya kodi ambayo ingetoka huko, na kwamba ushuru wa biashara ulikuwa faida tosha. Kaskazini ya mbali ilithibitisha hesabu hiyo. Baada ya Mons Graupius, lejioni moja ilihitajika mpakani Danube, na ngome ya Inchtuthil huko Uskoti ikaachwa kabla haijakamilika, mamia ya maelfu ya misumari ya chuma ikafukiwa chini ili isitumiwe na wenyeji. Mwaka 122 BK Hadrian akaanza kujenga ukuta wa kilomita 117 mbali sana kusini ya hapo. Septimius Severus alijaribu tena kuanzia mwaka 208 na akafia York mwaka 211. Kufikia wakati wake makabila mengi madogo ya kaskazini yalikuwa yamekusanyika katika mashirikisho mawili makubwa, Wakaledonia na Wamaeatae. Umoja ule uliohubiriwa Alesia ulipatikana huko, ukiwa umechongwa na shinikizo la vizazi vitano vya kuishi mlangoni mwa Roma.